Betri Ikiingia Haitoki

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Ukiniletea kitambaa cha mita mbili ukataka gauni, kilemba na mkoba, nakuambia palepale ukatafute mganga, si fundi. Lakini siku ile lori la betri lilipokuwa linakuja, niliamka na furaha ya kuogofya. Nilifagia chumba cha kazi kabla hata chai haijachemka, nikasimamisha majora ya vitambaa ukutani, kisha nikashika kiuno mbele ya pipa langu nikalitazama kama mtu aliyejifungua mapacha.

Pipa lenyewe lilikuwa la plastiki, la buluu, lenye kifuniko cha kubana. Watu wa kiwanda kinachochakata betri zilizokwisha walilileta mtaani wakatuambia tulijaze, likijaa watume lori, na kule kiwandani betri zivunjwe, zitolewe chuma na zinki, zikatengenezwe vitu vipya. Sharti lao lilikuwa moja. Pipa liwe na mtu wa kulisimamia, na siku ya lori mtu huyo awepo, maana dereva asipomkuta anapita moja kwa moja na harudi tena. Walipouliza nani atalisimamia, kila mtu aliangalia viatu vyake. Nikasema, "Lileteni kwangu."

Nilikuwa na sababu. Nyuma ya chumba changu pana mtaro, na mtaro huo ndio uliokuwa kaburi la betri za mtaa mzima: za tochi, za redio, za rimoti, za wanasesere wanaolia. Zikikaa majini zinavimba, zinapasuka, zinatoa uji mweusi, na kuku wanakuja kudonoa. Kuku walewale tunaowala. Kila nilipoinua kichwa kwenye mashine niliuona mtaro ule dirishani, damu ikanichemka.

Kumbe kuleta pipa ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kumshawishi mtu kwamba betri yake imekufa. Mtaani kwetu betri haifi. Ikichoka kwenye tochi inahamia kwenye rimoti. Rimoti ikianza kubonyezwa kwa vidole viwili, betri inapelekwa kwenye saa ya ukutani, maana saa haina makuu. Saa nayo ikianza kuchelewa, betri inang'atwa kwa meno, au inaanikwa juu ya bati ipate jua. Unamwomba mtu betri iliyokwisha kuota kutu, anakuangalia kama umemwomba figo. "Bado ina roho," anakuambia.

Nikaandika juu ya pipa kwa chaki yangu ya kushonea, herufi kubwa: BETRI IKIINGIA HAITOKI. Niliandika kwa ajili ya Kinyozi, jirani yangu wa mlango wa pili, aliyetumbukiza betri asubuhi na jioni akaja kuiomba kwa sababu saa ya kibandani kwake imesimama. Kesho yake akarudi kimyakimya, akawa ameshaingiza mkono mpaka kwenye kwapa nilipomfuma. Nikachukua rula yangu ya mbao.

"Soma hapo," nikamwambia.

"Mama Gundi, hiyo ni chaki, si sheria."

"Ni chaki yangu. Toa mkono kabla sijaupima."

Mama Gundi ndiyo mimi. Gundi ni binti yangu wa pekee. Jina la kuzaliwa analo, lakini tangu aanze kusimama golini na mipira ikawa inamnata mikononi, mtaa wote unamwita Gundi, na mwenyewe akiitwa lile jina jingine hageuki.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa mama mkwe. Tunaishi naye nyumba moja, na redio yake ndiyo roho yake: redio kubwa yenye mkono wa kubebea, inatumia umeme, na umeme usipokuwepo inatumia betri nne kubwa, zile nene za kujaa kiganjani. Betri hizo alikuwa akizianika dirishani kwangu, juu ya vitambaa vya wateja, akizigeuza upande huu na upande huu kama mtu anayekausha mahindi. Tuligombana sana kwa ajili ya dirisha lile. Sasa asubuhi ya siku ya lori, nikiwa nimeshika kiuno mbele ya pipa, akaja na betri zake zote nne kwenye ncha ya kanga.

"Nimezianika wiki nzima," akasema. "Zimenikatalia. Chukua."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikazifunga selotepu vichwani, kama nilivyozifunga zote, moja moja, zisije zikagusana zikapata moto njiani. Nikaziweka juu kabisa, pipa likajaa kweli, nikabana kifuniko. Nilitaka kumkumbatia. Lakini mama mkwe hatoi kitu bila kukitia pilipili.

"Haya," akasema akiondoka. "Betri zilizokufa unazikalia matanga, mtoto aliye hai umemwachia aende."

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Siku hiyohiyo timu ya wasichana ya mtaani kwetu ilikuwa na fainali mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Mume wangu alikwenda. Mimi sikwenda. Gundi mwenyewe ndiye aliyenikataza, akiwa amekaa kitandani anafunga begi lake. "Mama, mimi ni kipa wa akiba. Nitakaa benchi nikihesabu kucha. Utasafiri hadi kule kuja kunitazama nimekaa? Ngoja lori lako." Nikamwambia sawa. Lakini basi lilipoondoka na mkono wake ukipunga dirishani, nililikimbilia mpaka kona, nikarudi nimebeba kandambili mkononi. Mama mkwe aliniona, na sasa akanibonyeza palepale.

Mchana ukaja, lori halikuja. Mechi ilipokaribia kuanza, watu wakaanza kumiminika chumbani kwangu, maana redio ya mama mkwe ndiyo yenye sauti kuliko zote mtaani. Aliiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akaichomeka kwenye umeme, akakaa nayo ana kwa ana. Kinyozi alikuja na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Wengine walikaa juu ya majora, wengine sakafuni, watoto mlangoni. Mtangazaji alikuwa mmoja wa wale wanaotangaza kama nyumba inaungua, na sisi tukawa tunaungua naye. Walitufunga moja. Tukarudisha. Dakika tisini zikaisha, muda wa nyongeza ukaanza, miguu ya wachezaji ikawa mizito, na mimi hata cherehani nilikuwa nimeifunika.

Hapo ndipo mtangazaji akapandisha sauti.

"Mlinda mlango yuko chini! Ameanguka vibaya, anashika bega, daktari anatikisa kichwa! Machela inaingia! Na kule benchi, naam, anavua koti, namba kumi na sita, mlinda mlango wa akiba, msichana ambaye hajagusa mpira hata mara moja katika mashindano haya..."

Umeme ukakatika.

Feni ilizunguka mara chache ikasimama. Kisha watu arobaini wakapiga kelele kwa wakati mmoja, na mimi nadhani kelele yangu ndiyo iliyovuka mtaa. Namba kumi na sita ni Gundi! Jezi ile niliipunguza mabega kwa mikono yangu mwenyewe. Mtoto wangu alikuwa anaingia golini, mbele ya uwanja mzima, kwenye fainali, na mimi niko hapa natazama redio iliyokufa!

"Simu!" Kinyozi akasema. Tukatoa simu. Hazikuwa na mtandao, kwani mnara wa kwetu nao umeme ukizimika unazimika. "Gari!" mwingine akasema. Gari pekee la mtaa wetu limekaa juu ya mawe tangu mwenyewe auze magurudumu. "Dukani kuna betri!" Mtu alikimbia akarudi anahema. Ndogo zipo, kubwa hakuna, mwenye duka anasema siku hizi hakuna anayenunua kubwa.

Mama mkwe akageuza shingo yake polepole akatazama pipa. Kinyozi naye akalitazama. Watu wote wakalitazama, kisha wakanitazama mimi.

Kinyozi akakohoa. Akasoma maandishi yangu kwa sauti ya mwanafunzi wa darasa la kwanza, akifuata kwa kidole. "Be-tri. I-ki-i-ngi-a..."

Nikaifuta ile chaki kwa kiwiko.

"Mwaga!" nikasema.

Tulitandika sakafuni bitana ya suti ya mteja, Mungu anisamehe, tukalilaza pipa, betri zikamwagika na mlio wa mvua ya mawe. Za mama mkwe zilitoka kwanza. Nikazing'oa selotepu kwa meno, nikazitia kwenye redio, mama mkwe akazungusha kitufe. Redio ikasema "krrr", ikataja neno moja la mtangazaji, nadhani lilikuwa "kona", ikafa.

"Si nilikuambia zimenikatalia?" mama mkwe akasema. "Nne hazitoshi. Zipangwe nyingi. Sisi zamani tulizipanga mstari, kichwa kwa tako, kichwa kwa tako, nje ya redio. Moja moja hazina kitu, lakini ukiziunga zinakohoa pamoja. Leteni bomba la kuzishika."

Bomba! Nikaangaza macho chumbani. Majora yangu! Katikati ya kila jora la kitambaa pana bomba la karatasi ngumu, na kitambaa kinazungushwa juu yake. Nilimfukuza mtu aliyekalia jora la satini, nikashika ncha ya kitambaa nikalivuta, satini ikamwagika chumbani na kuwafunika wanawake wawili, bomba likabaki mkononi. Betri kubwa iliingia ikacheza kidogo tu. Nikairudisha nje, nikaizungushia kipande cha kitambaa, ikakaa sawa kama kifungo kwenye tundu lake.

Sasa ndiyo ungeona kazi. Watu walipiga magoti kuzunguka bitana ile wakachagua betri kubwa katikati ya vijibetri vidogo, na mimi nikiwa juu yao na rula. "Iliyovuja usiishike! Isukume kando kwa mfuniko! Wewe, usiing'ate, unaing'ata ya nini?" Kinyozi alileta waya wa pasi yake mbovu, tukauchuna ncha kwa mkasi wangu mzuri, ule ambao hata mume wangu haruhusiwi kukatia kucha. Zile betri nne tukazitoa redioni, waya tukaukata vipande viwili, tukavifunga kwenye redio, kimoja kwenye springi na kingine upande wa pili. Ncha ya pili ya kipande kimoja tukaiviringishia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, tukaiweka chini ya bomba, na ya kipande kingine ikawa ya juu. Mteja mwenye nusu kichwa alikaa akang'oa selotepu kwa wembe wa kufumulia, akinipitishia betri moja moja, na mimi nikazishusha ndani ya bomba. Kichwa kwa tako. Kichwa kwa tako. Mama mkwe alikuwa akirudia maneno hayo kama dua.

Ule waya wa juu ulikuwa lazima ushikiliwe kwa nguvu juu ya betri ya mwisho, na kidole gumba cha Kinyozi ndicho kilichokuwa kinene kuliko vyote. Akakiweka. Akabonyeza.

"...na refa anapuliza filimbi! Hakuna mshindi! Tunakwenda kwenye mikwaju ya penalti!"

Lahaula, kelele zilizopigwa! Kinyozi akaruka na mikono juu, na redio ikakata.

"Rudisha kidole!" tukamlilia sote.

"Samahani, samahani!"

"Wewe usishangilie," nikamwambia. "Watu wote wa mtaa huu wana ruhusa ya kushangilia isipokuwa wewe. Ukiruka tena nakushona kwenye hilo bomba."

Akarudisha kidole, akakaza meno, akabaki hivyo. Sijamwona mtu akiteseka kwa furaha kama Kinyozi siku ile. Penalti ya kwanza ya kwetu iliingia, yeye akapiga kelele bila kufungua mdomo, jasho likimtoka. Ya kwao ya kwanza nayo ikaingia. Nikasikia mtangazaji akisema namba kumi na sita ameruka upande usio wake, nikapiga meza ya kukatia mpaka pini zikarukaruka.

Kisha sauti ikaanza kushuka. Zile betri zilikuwa zimefukuliwa kaburini, hazikuwa na pumzi ndefu. Mtangazaji aliyekuwa anaungua akaanza kuzungumza kama mtu aliye chumba cha pili, halafu kama mtu aliye nyumba ya pili. "Ongeza!" mama mkwe akaamuru. Kuongeza kulikuwa na taabu yake, kwa sababu lazima Kinyozi ainue kidole, nitie betri, abonyeze tena, na hapo katikati dunia inaendelea bila sisi. Tuliinua kidole mpigaji wa kwetu akiwa anakimbia. Tulipobonyeza, uwanja ulikuwa unalia na hatukujua unalilia nini, mpaka mtangazaji akataja matokeo: tumefunga. Wao wakafunga. Tukafunga. Wakafunga. Tukafunga. Wakafunga. Kila mara nikitia betri nilikuwa naisemesha, "Haya mama, haya, toa ulicho nacho," betri zilezile nilizokuwa nikiwaambia watu kwamba hazina roho.

Gundi hakuwa amedaka hata moja. Nilianza kumwona. Alikuwa amesimama peke yake kwenye goli lile pana, anapangusa viganja kwenye bukta kama anavyofanya akiogopa, na anatafuta jukwaani uso anaoujua. Baba yake yupo, lakini baba yake ni mtu wa kufumba macho mambo yakiwa magumu. Uso wa mama yake ulikuwa huku, umeinamia bomba la karatasi. Nilitamani ningekuwa huko.

"Mpigaji wetu wa mwisho," mtangazaji akanong'ona, "anafunga! Sasa wao wakikosa hii, kombe linaondoka na..."

Na hapo nje pakalia honi. Honi ndefu, ya lori, na muungurumo wa injini uliotikisa mabati. Lori la betri! Nililingoja tangu asubuhi, limekuja sasa! Nilitoka nikiwa na rula mkononi.

"Zima!" nikapiga kelele.

Dereva akatoa kichwa dirishani. Alikuwa amevaa glavu nene na koti la kung'aa. "Mimi ni wa betri, mama. Wewe ndiye msimamizi wa..."

"Mimi ndiye! Zima injini, mtoto wangu yuko golini!"

Sijui alielewa nini, lakini alizima. Akashuka akanifuata ndani. Alipoona pipa limelala ubavu, betri zimetapakaa sakafuni, satini imejaa chumba na mtu mzima ameshika bomba la karatasi kwa kidole gumba huku akitetemeka, uso wake ukabadilika.

"Mama, utaratibu unasema pipa nilikute limefungwa."

"Litafungwa. Wewe funga mdomo kwanza."

Akafunga. Betri kubwa zilikuwa zimekwisha. Bomba lilikuwa limejaa mpaka juu, Kinyozi ameishikilia ya mwisho ikiwa nusu nje, na redio haikuwa tena na sauti ya kujaza hata kikombe. Mama mkwe akainama, akabandika sikio lake kwenye spika, akainua mkono mmoja.

"Anaweka mpira," mama mkwe akasema.

Hatukuwa tunamsikia mtangazaji tena. Tulikuwa tunamsikia yeye.

"Anaupangusa. Anarudi nyuma. Refa anamwambia Gundi asogee kwenye mstari. Gundi kasogea." Akameza mate. "Anarudi nyuma tena. Huyo mtu anarudi nyuma mpaka wapi? Kapuliziwa filimbi. Anakuja. Anakuja..."

Macho yake yalikuwa yamefumba.

"Mama!" nikasema.

"Sss!"

Kisha mdomo wake ukafunguka wote. "Kaupangua! Kaupangua kwa mguu! Mtoto wangu kaupangua kwa mguu!"

Chumba kilipasuka. Sikumbuki nani alimshika nani. Nakumbuka mteja mwenye nusu kichwa akimbusu dereva kwenye shavu, na watoto wakikimbia mtaani wakipiga masufuria, na mimi nikiwa nimekaa juu ya betri nalia kwa sauti, nikisema Gundi, Gundi, Gundi. Kinyozi hatimaye alipata haki yake. Aliruka na mikono yote miwili mpaka akagonga feni. Bomba lilimponyoka, betri zikamwagika, zikabingirika chini ya cherehani na kwenda kila mahali.

"Kimya!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Hakuwa ameinuka. Alikuwa bado ameinamia redio, sikio kwenye spika, mkono juu. "Kimya, nyie! Anahojiwa!"

Chumba kikatulia mara moja. Nikasogea kwa magoti mpaka kwenye meza. Kinyozi alifumbata mikono yake kifuani asije akamkosea mtu tena.

"Wanamuuliza alijisikiaje," mama mkwe akasema. Akasikiliza. "Anasema aliogopa. Anasema hakutarajia kucheza." Akasikiliza tena. "Anawasalimu watu wote wa mtaa. Anasema na Kinyozi pia."

Watu wakacheka, Kinyozi akajipangusa macho.

Ndipo nikamwona dereva anatazama chini. Nikafuata macho yake. Waya wa pasi ulikuwa umelala sakafuni, kando ya buti lake, karatasi ya fedha imechomoka, ncha zote mbili hazigusi kitu. Bomba lilikuwa tupu. Hakukuwa na betri hata moja iliyounganishwa na redio ile. Dereva akainua kidole kuuonyesha, akafungua mdomo.

Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Wanamuuliza kuhusu mama yake," mama mkwe alikuwa anasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hakuwa akisema kwa ajili ya chumba tena. "Anasema mama yake hakuja. Anasema asijilaumu, ni yeye mwenyewe aliyemwambia abaki. Anasema alipokuwa pale golini peke yake hakuwa na wasiwasi kwamba hasikilizwi. Anasema, mama yangu mimi hata umeme ukatike vipi, angepata njia."

Akafungua jicho moja, akanitazama, akalifumba haraka.

Mimi na mwanamke huyu tumegombania dirisha, chumvi, na jinsi ya kumbeba Gundi alipokuwa mchanga. Nikaweka kiganja juu ya mkono wake ulioshika redio.

"Endelea, mama," nikasema. "Anasema nini tena?"

Mama mkwe akaibana redio zaidi sikioni, akaendelea.